Kizibo chenye Ufunguo

Moskvich yangu ya rangi ya mtindi uliochacha
ni ya mwaka sabini na nane. Asubuhi haina neno:
navuta choki, nahesabu tatu, napiga stata,
injini inakohoa mara moja, kisha inakubali.

Tunatoka Gyumri kuelekea Amasia,
shuleni, ninakofundisha kemia watoto kumi na mmoja.
Dakika kumi na tisa. Halafu, penye jiwe la kilomita,
ubavuni mwa shamba la viazi la Varazdat,
nguvu zinakwisha. Hakuna kishindo, hakuna moshi.
Inajivutavuta, inashikwa kwikwi, inazima.

Nikikaa robo saa, nikala mkate wangu na jibini,
inawaka tena, uso mkavu,
kana kwamba si yenyewe.

Mkrtich alisema betri. Nikanunua betri.
Akasema plagi. Akazitoa zote nne, akazipiga msasa,
akazipanga juu ya gazeti kama meno ya bandia.
Cheche zilikuwa nene, za buluu, zenye afya tele.
"Basi koili," akasema, akitazama pochi yangu.

Shemeji Garnik haamini umeme. Yeye ni mtu wa mafuta.
Alifungua kabureta juu ya meza yangu ya chakula,
akapuliza kila kitundu kwa mdomo wake
(sahani zangu zilinuka petroli hadi Pasaka).
Akaweka pampu mpya, mpira mpya, chujio jipya.
Julai tukaivisha pampu tambaa bichi,
eti mafuta yanachemka njiani.
Ikaja Novemba na theluji yake,
tambaa likaganda likawa gumu kama ubao,
na gari likazima palepale, penye jiwe.
Joto likaachiwa huru, kwa kukosa ushahidi.

Mimi nilikuwa na daftari.
Tangi nusu: dakika kumi na tisa.
Tangi robo: ishirini na sita.
Tangi limejaa hadi shingoni: kumi na moja tu.
Garnik alicheka akashika mbavu:
"Gari lako, shemeji, linakufa kwa shibe!"
Nikacheka naye. Ndiyo aibu yangu,
nilicheka.

Siku ile nilimpa lifti Nvard, wa darasa la saba,
ana mafua, skafu imemfika puani.
Tukazima. Varazdat akatupungia koleo, keshatuzoea.
Nikashuka nipime mafuta kwa kijiti,
nikazungusha ufunguo kwenye kizibo
nilichokinunua mwaka jana, baada ya wezi
kuninyonyea tangi zima usiku mmoja.

Fsssss.

Si hewa iliyotoka. Ni hewa iliyoingia,
kwa pupa, kama mzamiaji aliyeibuka.
Nvard akapangusa pua. "Mwalimu,
si ulituambia kopo la maziwa
hutobolewa matundu mawili?"

Miaka ishirini na nane nimetoboa makopo hayo
mbele ya ubao. Tundu la maziwa. Tundu la hewa.
Nimewapa mtihani. Nimewakata alama.
Na kizibo cha zamani, kile chenye kutu,
kilikuwa na tundu lake, dogo kama jicho la sindano;
nilikitupa mwenyewe, nikamfungia mwizi nje
na hewa nayo nikaifungia nje, kwa ufunguo mmoja,
na ufunguo nikauvaa shingoni.

Tulirudisha kizibo bila kukikaza.
Sikusema kitu. Nilitazama saa.
Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mbili.
Shamba la viazi, ambalo siku zote nililiona limesimama,
lilipita dirishani likikimbia,
na Varazdat ndani yake, koleo juu,
mdomo wazi.

Jioni nilitoboa kizibo kwa msumari uliopashwa moto.
Mkrtich alipita, akakitazama, akakinusa.
"Sawa," akasema. "Lakini koili
bado siipendi sauti yake."