Mistari ya Mshazari

Nyendo, nyuma ya kinu cha kukoboa kahawa,
Nassolo fundi mizani alikipokea kikuku cha mama
kwa kitambaa, kama yai lililotoka motoni.
Akaongeza jiwe dogo, akapunguza,
akakigonga kwa ukucha, akakitegea sikio.
"Si dhahabu."

Najua si dhahabu. Mama alikuwa na pete ya kijani
kwenye ngozi ya mkono, miaka arobaini;
hata tulipomwosha mara ya mwisho haikutoka.

"Wala si nyaya za umeme zilizoyeyushwa,
kama hivi vya stendi. Hebu tazama."
Akanipa lenzi yenye ufa.
"Mistari hii ya mshazari, yote upande mmoja,
kama mvua yenye upepo:
mkono wa mtu hauchori hivi. Mkono huchoka.
Haya ni meno ya mtutu.
Huu ulikuwa mkanda wa kombora la mzinga,
shaba laini, hufungwa kiunoni
ling'ate njia, lizunguke, lende lilikotumwa.
Baba alinunua vyuma chakavu baada ya vita,
vilikuja kwa magunia, nikicheza juu yake.
Mkanda usio na mistari haukufyatuliwa.
Huu wako
ulifika."

Ulifika wapi?

"Mizani haisemi wapi, dada.
Gramu hamsini na nne."

Kisha akakigeuza, akasugua ndani
kwa limau na majivu,
zikatoka herufi, moja moja, za ncha ya msumari:

NISAMEHE NYUMBA 79

"Kiswahili," alisema Nassolo, akishusha sauti
kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Mama hakukitaka kuvuka kizingiti.
Lugha ya kizuizi barabarani, alisema,
lugha ya lala chini, ya toa ulichonacho.
Mimi nilikiokota Mutukula, nikihesabu magunia ya maharage,
na nikipokea simu kwa Kiswahili
yeye huinuka, huenda kusimama kwenye migomba
mpaka nimalize.
Kumbe siku zote sentensi nzima
ilikuwa imelala juu ya mshipa wake.

Nani aliyechonga? Yule aliyelipiga kombora,
au mwingine, aliyepita asubuhi
akamkuta msichana akipepeta kifusi kwa ungo?
Limau halikujibu. Nassolo alidai elfu tano.

Barabarani, kikuku mkononi, nikakumbuka:
mwaka ule wa ukame, akimenya matoke,
macho kwenye kisu, aliniuliza ghafla,
"Nisamehe, maana yake nini?"
Nikadhani amelisikia redioni.
*Nsonyiwa*, nikamwambia, nikarudi kwenye simu yangu.
Akamenya mkungu mzima bila kusema.

Neno la pili hakuliuliza.
Nyumba, hata kwetu, ni nyumba.