Busta

Desibeli thelathini, kasema muuza vifaa Kariakoo,
na Bi Mgeni wa Mbagala akalipa, hakuuliza.
Nimeifunga. Picha ndiyo kwanza yachanika.

"Ongeza!" anapaza sauti kutoka sebuleni.

Niongeze nini, dada?
Busta haichagui mchele na chuya:
ikitiwa chuya, inapika chuya,
sufuria kubwa zaidi.

Naing'oa. Naufuata waya juu ya bati la moto
hadi konekta: shaba imeota kutu ya kijani,
mvua ya vuli bado imo ndani.
Nakata, nachuna, nakaza upya.
Dishi nalisogeza
unene wa kucha.

"Hapo! Hapo hapo! Usiguse!"

Nashuka. Bi Mgeni kaipakata busta yake.
"Kumbe kukaza tu?
Sasa elfu kumi ya nini?"