Hakika Zaidi

Jumanne jioni, ghorofa ya pili, maktaba ya Halifax,
kipasha joto kikikohoa chini ya dirisha,
nikaandika ubaoni "wazi" kwa Kiingereza,
na chini yake, "wazi zaidi".
Neno fupi, nikawaambia, hufungwa mkia wa herufi mbili.
Neno refu, kama lile la hakika, halifungwi kitu:
hutanguliziwa neno jingine, mithili ya tarishi.

Witold akatoa mfano: supu ya leo kantini
ni wazi zaidi kuliko ya jana.
Maana yake, nyama hamna.
Tukacheka. Sikuisahihisha.

Lamzira hakucheka. Mchana alikuwa kwa daktari wa macho:
"Kioo cha kwanza au cha pili? Kipi wazi zaidi?"
Naye kila mara, cha pili, cha pili,
na herufi ukutani zimebaki na ukungu wao.
"Kwa hiyo, mwalimu, wazi zaidi si wazi?"

Swali zuri, nikasema.
Ndivyo tusemavyo walimu tukitafuta dakika.

Ndipo akatoa barua kwenye mfuko wa plastiki,
imekunjwa mara nne, pembe zimelegea.
Mifupa iliyofukuliwa ng'ambo ya mto Enguri,
miaka thelathini na ushei tangu vita.
Maabara imepima upya, na sasa
"tuna hakika zaidi kuliko hapo awali"
kwamba ni Gocha, kitinda mimba wao.

Kidole chake kikasimama juu ya yule tarishi.
"Hakika, na hakika zaidi. Ipi kubwa?"

Miaka ishirini na sita nimezichora kama ngazi,
kidato juu ya kidato, mshale ukielekea juu.
Nikajisikia nikisema: hakika tupu ndiyo kubwa.
Anayesema zaidi bado yuko njiani.

Lamzira akaisogeza barua mbali na uso,
akaikaribisha,
akaisogeza tena.
Kisha akafungua daftari, zoezi la nne,
akaandika taratibu, ulimi kwenye kona ya mdomo:
Leo nina hakika zaidi kuliko
akaacha nafasi
akaweka nukta.

Madaftari nimekuja nayo nyumbani.
Ya Witold ina makosa saba, nimeyazungushia yote.
Hii ya Lamzira iko mbele yangu tangu saa tatu,
kalamu nyekundu imefunguliwa, wino unakauka.
Sentensi ni pungufu, hilo naliona.
Kosa lake silioni.