L ya Lala

Kushoto kidole gumba, juu ya kitufe chenye kidirisha.
Kulia kidole cha pete, juu ya L.
Vyote kwa pamoja, kama anayeua chawa.
Majina, kilo, madeni, vyote vinazama,
inabaki picha ya mlima wa theluji
ambayo hapa Urambo hakuna aliyeiomba.

Kapela ndiye aliyenifundisha,
siku mbili kabla hajahamia Mpanda.
"L ya lala," alisema. "Liambie dirisha lilale,
ndipo uinuke. Hata ukienda kupenga kamasi."

Ofisi ya chama ina dirisha jingine, la mbao.
Bawaba imeoza, halifungiki tangu masika ya juzi,
na humo ndimo tumbaku inamoingilia
kabla ya wenyewe: harufu kwanza, robota baadaye,
halafu macho.
Macho hayana pazia.
Anayeuliza saa anasoma deni la shemeji yake.
Anayeazima kalamu amekwisha kuhesabu
mifuko ya mbolea ya jirani, na ule mmoja wa ziada.
Nami, ta! Dirisha, lala.
Nimemfungia katekista. Nimemfungia mwenyekiti
aliyeingia kwa kunyata, akajifanya anatafuta stepla.
Nimefunga nikiwa na muhogo mdomoni.
Vijana wa mizani wananitania:
"Nyamizi, kidole hicho kitapataje pete
na kazi yake ni kufungia watu nje?"

Jumanne akaja Kalunde, mke wa Mihambo.
Viganja vyeusi kwa utomvu wa tumbaku,
ule usiotoka kwa sabuni wala kwa limau.
Yeye ndiye aliyekesha na moto wa bani,
yeye aliyefunga majani kwa kamba, ufito kwa ufito.
Kitabu cha mwanachama kina jina moja, nalo si lake.
"Tumeuza marobota kumi na moja," akasema.
"Nyumbani zimefika shilingi za chumvi."

Nikamjibu kama nilivyofundishwa:
taarifa za mwanachama ni za mwanachama.
Na kioo kilikuwa wazi, kwenye Mihambo yuleyule,
maana alikuwa ametoka hapo asubuhi.
Mkopo wa kwanza, mbolea. Wa pili, mbolea.
Wa tatu, pikipiki.
Pikipiki hiyo haijawahi kulala kwao.

Kidole gumba kilikuwa mahali pake.
Kidole cha pete kikakaa hewani.
Kalunde akainama mezani, akasoma kwa midomo,
silabi kwa silabi, pi, ki, pi, ki,
na mimi nikawa natazama nje kupitia lile dirisha bovu,
mbuzi wa nani sijui akitafuna risiti.

Alipomaliza alifungua fundo la kanga,
akatazama ndani, akalifunga tena.
"Kaliua," akasema, si kwangu.
Akaniachia mlango wazi.

Ndipo nikabonyeza.
Mwenyekiti akiuliza nitamwambia kidole kiliteleza.
Mlima ukaja na theluji yake.
Nenosiri langu lina herufi nane;
nililikosea mara mbili.