Kiti Namba Sita

Jumamosi, Jumatatu, Jumatano,
masaa manne kila safari,
damu yangu hutoka, huoshwa, hurejea.
Hospitali hii ya Bausher haina dirisha upande wetu.
Tuna televisheni, juu, kwenye mkono wa chuma,
na rimoti anayo Sista Jisha mfukoni
pamoja na plasta na peremende.

Kiti cha saba ni cha Ustadh Abdulbaki, Msudani,
aliyesomesha jografia Ibra miaka ishirini na saba,
watoto wa watu wakajua kwake
mto upi unamwaga maji katika upi.
Kwao Umm Sidra. Usiutafute;
mwenyewe anasema ramani za siku hizi zinauruka.
Dada yake yuko huko,
na simu yake haishiki tangu mfunguo mosi.

Jumamosi, habari za saa kumi.
Kwanza kabisa, mwigizaji kaolewa Dubai.
Gauni lina mkia wa mita kumi na moja.
Mtangazaji akarudia, kumi na moja,
kama mzazi anayesoma matokeo ya mwanawe.
Lulu zimeshonwa na mafundi arubaini.
Akaletwa mtaalamu wa magauni, ana tai.
Ikaletwa na ramani, ndiyo, ramani!
Mshale mwekundu ukaonyesha msafara
kutoka hotelini hadi ufukweni.
Ustadh akacheka kwa pua.
"Mshale mzuri," akasema. "Tena una kipimo."

Chini, utepe wa habari ulikuwa unakimbia:
bei ya dhahabu, bei ya mafuta, joto la Sohar,
kisha *waliofika kwa miguu wasema mji wa Umm*

na hapo tangazo la udi likafunika skrini nzima,
moshi, kijana wa ndevu za kuchongwa,
chupa inazunguka, inazunguka.

Umm nini?
Umm ni mama, na nchi ile
imejaa miji yenye jina la mama.
Ustadh alikaa wima mpaka mashine ikapiga kelele.
Jisha akaja mbio: "Baba, mkono, usikunje mkono."

Tukangoja utepe urudi.
Dhahabu. Mafuta. Joto la Sohar.
Ilipofika zamu yake, mstari ulikwisha badilishwa:
*bibi harusi aomba faragha*.

Sasa niseme kweli,
maana damu ikiwa nje, mtu hana pa kuficha kitu.
Ni mimi niliyemwomba Jisha aongeze sauti.
Nina miaka sitini na tisa,
mshipa wa mkono wangu unanguruma kama paka,
na nilitaka kuona kitu cheupe
kisichokuwa shuka la hospitali.

Jumatatu alikuja na mfuko wa dawa, wa karatasi,
kaupasua, kaukunjua, kachora ndani yake.
Mto kwa bluu. Skuli. Kisima. Soko la Alkhamisi.
Nyumba ya dada yake, Batul,
mlango umeelekea kaskazini
"kwa sababu ya upepo, na kwa sababu ya ukaidi."
Pembeni kipimo: sentimita moja, hatua mia mbili.
Akanisomesha kama darasa la nne.
Nikakosea kisima, akanirudisha mwanzo.
Juu yetu walikuwa wanajadili keki.

Mwisho akaukunja, akanipa: "Kaa nao wewe.
Mimi naujua kwa moyo."

Jioni, Al Khoudh, wajukuu wakanivua baibui,
Asila huku, Wadhha huku,
"Bibi, huko kuna habari gani?"
Mfuko umo mkobani, nausikia ukichakarika.
Nikafungua mdomo.

"Mita kumi na moja," nikasema.

Wakapiga vigelegele, wakataka kuona urefu wake.
Basi nikawapimia kwa miguu yangu hii iliyovimba,
nikihesabu hatua kwa sauti,
kutoka jikoni, kupita sebuleni,
hadi mlango wa kaskazini.