Mstari wa Jumamosi

Naisugua elektrodi juu ya kitambaa chenye unga mweupe,
nane, nane, nane,
kama mtoto aliyefundishwa tarakimu moja tu,
mpaka uso wake, mdogo kuliko punje ya dengu,
unirudishie dirisha la Kasapa na mawingu yake.

Kisha tone. Mikrolita tano
za wino mweusi: mirija ya kaboni
na vumbi la kobalti lililosagwa
hadi jicho likakata tamaa.
Kobalti hii ilikuja kwa ndege, ndani ya kichupa,
kwa bei ya mishahara miwili.
Chini ya viatu vyetu imelala bure.
Wewe, Baba, uliipumua miaka ishirini na sita.

Mwelwa husema: uso mtupu ni kiziwi.
Uutumbukize hivyohivyo,
dopamini, vitamini ya ndimu, asidi ya mkojo
vitasema kwa pamoja kama wakwe kwenye mahari,
nawe utaona kilima kimoja, kinene, kisicho na maana.
Uvike wino,
kila mmoja atangoja zamu yake.

Tukauvika. Umeme ukakatika mara mbili.
Mara ya tatu, saa nane na robo,
vilele vitatu.
Na cha katikati, chembamba, kwenye volti sifuri nukta mbili,
ndicho kitu chenyewe:
molekuli inayoachilia elektroni mbili na kwenda zake.
Ndicho kinachokukauka kichwani
kama kisima cha Katuba mwezi wa tisa.

Nikakuleta Jumamosi. Ulivaa koti la harusi ya Chola.
Ukaketi, ukaweka mkono wa kulia mezani,
ule uliomimina shaba ya moto bila kupoteza tone,
ule ambao sasa humwaga chai kabla kikombe hakijafika.
"Sasa ile ya kwangu iko wapi?"

Nikasema kweli. Hapa hamna ya kwako.
Hii imetoka kwenye ampuli ya hospitali.
Ya kwako iko nyuma ya mfupa,
na kijiti chetu hakijui njia hiyo.
Bado.

Ukanyamaza. Mkono haukunyamaza.
Meza ikautii, kikombe kikaitii meza,
na kwenye skrini mstari ukaanza kutetemeka,
mara nne, mara tano kwa sekunde,
meno ya msumeno kwenye mteremko wa kilele.

"Kelele," Mwelwa akaninong'oneza. "Futa, turudie."

Ukainama karibu, pua yako nusura iguse kioo.
"Njo mimi ile?"

Tulirudia, wewe ukiwa kwenye kiti cha mlangoni.
Mstari ukatoka laini, wa kumpelekea profesa.
Ule mwingine nimeuhifadhi.
Nimeandika tarehe, ukubwa wa tone, joto la chumba,
na pale panapouliza sampuli:
Kapya, mkono wa kulia.