Goti la Otakar

Kisu kidogo, kile cha kumenyea viazi,
ndicho kinachojua mshono ulipo.
Chomeka ncha pale kitakoni, pinda kidogo,
ganda linaachia nusu mbili nzima.
Ndiyo maana tunda hili linaitwa jozi, nadhani,
ingawa likishaachana
sijaona nusu zilizorudiana zikafunga vizuri.
Ukitumia nyundo umeharibu.
Mama aliniambia hivyo mara moja tu,
akanipa kikapu kizima.

Chumvi ya mawe kwenye sinia,
maganda yamekaa juu yake yasilalie upande.
Nta ni masalio: kishina cha mshumaa wa kanisani,
kipande chekundu cha siku Kryštof alipotimiza saba,
ile ya njano iliyovuja usiku umeme ulipokatika,
vyote ndani ya kopo la njegere,
kopo ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo.
Ikiwa ya moto mno, utambi unalala kama mlevi.
Ikipoa mno, inaganda na mabonde.
Ngoja ianze kufifia ukingoni
kama kioo kilichopumuliwa. Hapo mimina.
Usijaze. Ganda lililojaa
huzama na mali yake.

Bafuni samaki wa sikukuu anazunguka tangu juzi;
sote tunaogea kwenye sinki
na hakuna anayelalamika.

Mkesha wa Krismasi, hapa Třebíč, baada ya chakula
taa huzimwa, karai huletwa mezani,
kila mtu na ganda lake na mwali wake.
Litakalobaki ukingoni, mwenyewe atabaki nyumbani.
Litakalokata maji hadi ng'ambo, mwenyewe atasafiri.
Likizama, hatusemi.
Mama husema, "Utambi mbovu huo," akagawa biskuti.

Miaka kumi na minane ganda langu halikuvuka.
Liliondoka vizuri, likafika katikati,
mwali umesimama wima,
kisha likasita, likageuka, likarudi kwa Baba.
Nikasema ni kudra.
Barua ya chuo cha Hamburg niliichana mwenyewe.
Niliolewa mtaa wa tatu.

Baba alifariki mwezi wa nne.
Desemba ile maji yalitulia kama sahani
na ganda langu likavuka bila kuuliza mtu.
Shangazi Zdislava alicheka hadi akajifuta macho:
"Kwani hukujua? Goti la Otakar!
Alikuwa akigonga mguu wa meza
tangu una meno ya utotoni!"
Sikucheka. Nilikwenda bafuni kumtazama samaki.
Sikujua nimkasirikie nani,
goti, au maji yaliyotii.

Leo Kryštof ana tiketi ndani ya koti.
Anadhani sijui. Nilikuwa natafuta kiberiti.
Ganda lake amelipasua mwenyewe, vibaya,
lina ufa pembeni;
nimeuziba kwa nta alipotoka kumpigia simu mtu
ambaye jina lake bado sijaambiwa.

Taa zimezimwa.
Maganda matano, vivuli vitano darini.
Lake linaondoka. Linafika katikati. Linasita.
Na goti langu, ambalo halijafundishwa na yeyote,
limekwisha upata mguu wa meza.

Lilikuwa goti zito, Baba.
Sikujua.

"Mama, maji yanatikisika."
"Lori," nasema, "barabarani."
Usiku huu, katika theluji hii, hakuna lori.
Ananitazama kupitia mwali.
Kisha anachovya kidole karaini, taratibu,
kama anayeonja supu,
analisukuma ganda lake mwenyewe.

Hakuna kanuni inayokataza.
Nimetafuta.